Miguu ya Nyuma ya Punda

"Hivi mwenzangu, kule mazoezini unakokwenda kila jioni, wewe unaigiza nani hasa?"

Jirani yake ndiye aliyeuliza, siku moja walipokuwa wakianika nguo uani, huyu kwenye kamba yake na yule kwenye yake. Hakuuliza kwa ubaya. Swali lile lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu, likimkereketa, mpaka siku hiyo likamponyoka pamoja na kibanio cha nguo alichokuwa amekishika kwa meno.

"Punda," akajibu Mama Kwato.

"Punda mzima?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

Mama Kwato alikung'uta shati la mumewe, akalitundika, akalinyoosha kola taratibu. "Ya nyuma," akasema.

Jirani alicheka mpaka akashika nguzo ya kamba. Akaomba radhi, kisha akacheka upya. "Nisamehe jamani! Mtu mzima, mama wa watu, sala hukosi, unatoka hapa kitambaa kimenyooka kichwani, kumbe unakwenda kuwa makalio ya punda!"

"Na miguu," akasema Mama Kwato. "Usiisahau miguu. Hayo makalio unayoyacheka yangefikaje mbele za watu bila miguu?"

"Na uso wako je? Hawakuoni kabisa?"

"Hawanioni."

"Basi mimi nisingeweza," akasema jirani, akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya shuka yake mwenyewe. "Nijitese vile, nitoke jasho vile, halafu nisionekane hata pua!"

Mama Kwato alitabasamu tu, akaokota beseni lake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyokuwa nayo hakuyatumia kujieleza.

Jina lile la Mama Kwato halikutoka kwa wazazi wake. Alilipata ujanani, enzi za ukumbi mkubwa wa mjini, ule uliokuwa na pazia jekundu zito na viti vya kukunja. Wakati huo alikuwa mfuaji wa shuka hospitalini, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Mumewe, ambaye watu wote walimwita Fundi, alikuwa seremala wa ukumbini. Yeye ndiye aliyejenga majumba ya mbao ambayo kwa mbele ni ikulu na kwa nyuma ni misumari mitupu. Basi siku moja mtu aliyekuwa akiigiza miguu ya nyuma ya punda aliumia mgongo, na onyesho lilikuwa limekaribia. Watu wakashika vichwa. Fundi akasema bila hata kuacha kupiga randa, "Mke wangu anashinda ameinamia shuka tangu asubuhi. Mpeni yeye. Kuinama kwake si habari."

Ndivyo alivyoingia ndani ya punda, na hakutoka tena.

Mchezo wenyewe ulitokana na kitabu cha watoto, kile cha mfalme asiyelala. Kila aliyepita darasani alikisoma, na wengi waliomaliza shule wakasahau hesabu zote hawakumsahau yule punda wa kwenye jalada. Mfalme amekosa usingizi. Waganga wamekuja na dawa zao, wapiga zeze wamekuja na zeze zao, na yeye macho makavu. Kumbe chini ya dirisha la ikulu hupita punda wa kubeba maji, ambaye huimba akipanda mlima ili mzigo usimwelemee. Watu humcheka sauti. Siku moja mfalme anaisikia, anaagiza punda aletwe chumbani na matope yake miguuni, na punda anaimba ule wimbo wake wa mlimani, polepole, mpaka mfalme analala. Hadithi ni hiyo tu. Wimbo wa mwisho ulikuwa ukiwaliza watu wazima wakajifanya wanapenga kamasi.

Nusu ya mbele ya punda ilikuwa ya wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke mwenye sauti kubwa na ulimi mkali kuliko sauti. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa, masikio na mdomo wa kufunguka. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa kichwa kile mwisho wa onyesho na kuinama, watu wakampigia makofi mpaka vumbi la pazia likadondoka. Mama Kwato alibaki ndani, ameinama vilevile, mikono yake imeshika mkanda wa wifi yake kiunoni.

Walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuingia jukwaani, vifungo vya ngozi vikishafungwa na giza likishaingia, Wifi alikuwa akiuliza, "Upo?" Naye akijibu, "Nipo." Ndipo mguu wa kwanza unyanyuke. Siku hata moja hawakuiruka desturi ile, hata siku walizonuniana kwa mambo ya nyumbani wakawa hawasalimiani.

Humo ndani hakuna kuona. Kuna joto, kuna harufu ya blanketi kuukuu, kuna mgongo wa mtu mbele ya uso wako, basi. Mwenye miguu ya nyuma atajuaje pa kukanyaga? Kila mtu ana namna yake. Mama Kwato alikanyaga kwa wimbo. Aliuimba wote, neno kwa neno, pamoja na Wifi, na kila neno lilikuwa na mguu wake. Hakujua kama anaimba. Alidhani ni midomo tu inayocheza, kama alivyozoea kusali akiwa kazini juu ya mabeseni ya shuka, yeye na Mungu wake, mtu wa pembeni asijue. Na kweli hakujua mtu. Ukumbi ulikuwa mkubwa, matarumbeta yalikuwa mengi, na wa kusikiliza makalio ya punda hakuwepo.

Miaka ikaenda. Paa la ukumbi mkubwa likaanza kuvuja, wenyewe wakaufunga, leo ni ghala la saruji. Wifi magoti yakamgeuka, akawa mtu wa fimbo. Ngozi ya punda ikaletwa nyumbani kwa Fundi, ikakunjwa juu ya kabati, na kila mwaka Mama Kwato aliishusha, akaianika, akaishona palipoachia, akairudisha. Fundi alikuwa akimtania. "Bibie, huyo punda wako anakula jua zuri kuliko mimi."

Hata siku moja pakabishwa hodi, akaingia kijana mmoja mpole mwenye miwani. Alisema yeye ni mwongozaji wa michezo, na amepata chumba ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Si jukwaa, si pazia, ni chumba tu, benchi zimezungushwa ukutani na kinanda kimoja kimewekwa kwenye kona. Anataka kuurudisha mchezo wa mfalme asiyelala. "Nataka mtoto akinyoosha mkono amguse mfalme," akasema. "Nilipokuwa mdogo niliuona nikiwa kwenye kiti cha mwisho kabisa, nikaona masikio tu. Nimesikia ngozi ya punda ipo kwenu. Mtaniazima?"

"Ngozi ipo," akasema Fundi, "na nyama yake ipo," akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

Safari hii nusu ya mbele ilikuwa ya binti wa Wifi. Alikuwa msichana mwenye sauti safi, aliyefundishwa na walimu wa muziki, anayejua kuvuta pumzi kwa utaratibu. Alimheshimu Mama Kwato, akimwita mkazamjomba na kumpokea mkoba kila akifika. Ila ile desturi ya "Upo?" hakuifuata. Aliiona ya kizamani. Vifungo vikifungwa yeye alikwenda tu, na Mama Kwato akajitahidi kumfuata.

Siku ya kwanza waliyofanya mazoezi ya wimbo, mwongozaji aliinua mkono, kinanda kikanyamaza.

"Nani anaimba?"

"Mimi," akasema Binti.

"Mwingine."

Wakatazamana. Wakaanza tena. Mwongozaji akazunguka chumba polepole, ametega sikio kama mtu anayetafuta panya, akafika penye mkia, akainama. "Jamani," akasema, "kuna mtu anaimba ndani ya punda."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mpiga kinanda aliegemea vibonye kwa kiwiko, kinanda nacho kikapiga kelele. Humo ndani Mama Kwato masikio yalimwaka moto. Akafungua kifungo kimoja, akatoa uso.

"Kumbe nasikika?"

"Unasikika, mama," mwongozaji akamwambia kwa upole. "Chumba ni kidogo. Hebu jaribu kunyamaza."

Akajaribu. Alibana midomo, akashika mkanda, kinanda kikaanza. Binti akaenda hatua tatu nzuri. Miguu ya nyuma ikaenda moja, ikasita, ikaenda ya pili mahali pa tatu, na punda akakaa kitako katikati ya chumba huku nusu ya mbele ikiendelea na safari. Mshono wa tumboni ukalia *rraaa*. Mfalme, aliyekuwa kitandani hana usingizi, alicheka mpaka akaanguka chini.

Walirudia mara nyingi, na kila mara ikawa hivyohivyo. Mwisho mwongozaji alimkalisha benchi, akamletea maji. Alikuwa kijana mwenye adabu, maneno yakawa yanamwia mazito.

"Mama, hili jambo lanitia uchungu. Lakini watoto watakuwa hapa, karibu hivi. Wakisikia punda ana mtu wa pili, uongo wetu wote utaharibika. Tusubiri mpaka mwisho wa wiki. Isipowezekana, nitamvalisha Binti masikio tu kichwani, aigize punda peke yake. Ngozi tutaitundika ukutani, iwe pambo."

"Sawa, mwanangu," akasema Mama Kwato. Akakunja kitambaa chake cha jasho, akakikunjua, akakikunja tena.

Njia nzima ya kurudi nyumbani neno lile "pambo" lilimfuata. Kuacha kazi si kitu, aliwahi kuacha ya hospitali na hakulia. Lakini punda mwenye masikio tu ni mtu aliyevaa masikio. Yule punda wa kwenye jalada, aliyepanda mlima na mzigo wake, angekuwa amekufa, na yeye ndiye angekuwa amemuua kwa mdomo wake.

Basi ikawa kazi pale nyumbani. Kila jioni, baada ya kula, Fundi alisimama mbele, mkewe akainama nyuma yake akamshika mkanda wa suruali, wakazunguka ua kimyakimya. Alijaribu kuweka pipi mdomoni, ikayeyuka na wimbo ukatoka na utamu wake. Alijaribu kuuma leso. Alijaribu kumpa Fundi mguu wa meza wa mbao, awe anaugonga kiganjani kama saa. Wapi! Mdomo ukifungwa, miguu nayo inafungwa.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Shemeji, mmepotewa na nini hapo chini?"

"Na adabu," akajibu Fundi. "Tukiiona tutakuletea na wewe kidogo."

"Mwenzangu," jirani akamwambia Mama Kwato, na safari hii hakucheka, maana alimwona uso, "si uwaachie tu? Kazi yenyewe hawakuoni."

Mama Kwato alijinyoosha, mkono kiunoni. "Punda wanamwona," akasema.

Usiku ule katika sala yake hakumwomba Mungu amwachie nafasi. Alimwomba amfunge mdomo. Kisha akajiona anaomba jambo la ajabu, kwamba Muumba aliyempa sauti aichukue, akasema, "Basi, Bwana, fanya unavyojua," akalala.

Siku ya mwisho wa wiki alifika mgeni pale ghorofani. Ngazi zililia, fimbo ikagonga, kukasikika mtu akizilaani ngazi na aliyezijenga. Alikuwa Wifi. Alikuja kumtazama bintiye. Akajitupa benchi la mbele, akanyoosha goti lake bovu, akatazama huku na huku.

"Hiki ndicho chumba? Jiko langu kubwa."

Mwongozaji akamwamkia, akamweleza taabu iliyopo, kwa heshima, na ngozi ya punda imesimama palepale na watu wake ndani. Wifi alisikiliza, kisha akacheka kicheko chake kile cha zamani kilichokuwa kikifika kiti cha mwisho.

"Kwa hiyo ndiyo mmegundua leo?"

"Ulikuwa unajua?" akauliza mwongozaji.

"Nisijue vipi na kichwa chake ki mgongoni mwangu? Miaka yote ile namsikia. Nikisahau neno, nalidaka kwake. Nikiishiwa pumzi, nakaa kimya kidogo nikijua wimbo hauanguki, kuna mtu ameushika kwa chini. Mnafikiri ile 'Upo?' nilikuwa namsalimia? Nilikuwa naogopa, wenzangu! Nilikuwa nahakikisha!"

Makalio ya punda yakatikisika. Kifungo kikafunguka, uso wa Mama Kwato ukatokeza, umelowa jasho. "Wifi! Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Nikuambie ili unyamaze? Mimi mjinga?" Wifi akampiga mkia kwa ncha ya fimbo. "Makofi nilikuwa nayala peke yangu, na yalikuwa matamu, wifi yangu, sikufichi."

Mama Kwato akacheka mpaka akakaa chini, kwa hiari yake safari hii.

"Lakini mama," Binti akasema, akivua kichwa cha punda, uso umemkunjana, "mimi sisahau maneno. Na pumzi ninayo."

"Unayo," akasema Wifi. "Nani kasema huna? Hebu muulize mwenzako swali moja tu ndipo uingie. Swali haligharimu kitu."

Mwongozaji hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa amevua miwani, anaifuta na shati, anatazama ngozi. "Ubeti wa mwisho," akasema. "Pale punda anapolala miguuni pa mfalme. Binti, ukilala, nyamaza. Usiimbe. Wimbo utoke tumboni."

Kila mtu alijua kuwa ubeti wa mwisho ndio ubeti wenyewe, na kwamba Binti alikuwa ameufanyia kazi kuliko yote. Binti alitazama sakafu. Alikunja masikio ya punda mkononi, akayakunjua. Mama Kwato akafungua mdomo aseme hapana, mwachieni mtoto wimbo wake, lakini Binti alikuwa ameshavaa kichwa. Vifungo vikafungwa. Humo gizani ikapita pumzi moja, mbili.

"Mkazamjomba," sauti ya Binti ikasema, ndogo, "upo?"

"Nipo, mwanangu."

Mguu wa kwanza ukanyanyuka.

Onyesho la kwanza lilikuwa la alasiri, la watoto. Benchi zilijaa, waliokosa nafasi wakakaa chini, magoti yao yakigusa kitanda cha mfalme. Fundi aliketi karibu na mlango. Wifi alichukua nafasi ya watu wawili, kwa ajili ya goti. Jirani naye alikuja, amevaa nguo yake ya kutokea, na mjukuu wake wa kike, mtoto ambaye alikuwa msumbufu wa kulala tangu mama yake aliposafiri kikazi, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua kwa kelele.

Punda aliingia, mzima. Miguu minne ilikwenda kama ya mnyama mmoja. Njiani, akipanda mlima wa viti vilivyofunikwa shuka, alikuwa na sauti mbili, moja safi kwa juu, nyingine nzito kwa chini kama mzigo wenyewe, na hakuna mtoto aliyeuliza. Walidhani punda ndivyo walivyo.

Kisha akalala miguuni pa mfalme. Kichwa kikashuka juu ya kwato. Sauti ya juu ikakoma. Kinanda kikabaki na mkono mmoja, na kutoka tumboni mwa punda ukaja ubeti wa mwisho, polepole, kwa sauti ya mwanamke aliyezoea kuimba akidhani hasikiki.

Katikati ya ubeti Mama Kwato alisikia kitu mgongoni. Kilikuwa kidogo, chenye joto. Kilitulia, kisha kikaanza kupapasa, huku na huku, juu ya blanketi, kama mtu anavyombembeleza mtoto mchanga. Ulikuwa mkono wa yule mjukuu. Alikuwa ametoka benchini, amepiga magoti, ameegemeza shavu kwenye ubavu wa punda, macho ameyafumba.

"Na wewe lala," akamnong'oneza. "Umebeba maji mengi. Lala tu, punda."

Mama Kwato aliendelea kuimba. Sauti ilitaka kumkatika, akaishika. Neno la mwisho lilipotoka mfalme alikuwa akikoroma, na chumbani hapakusikika hata benchi.

Kisha makofi. Wifi alikuwa akigonga sakafu kwa fimbo. Binti alivua kichwa, akainama mara moja, akageuka akanyoosha mkono kuelekea nyuma yake. Watu wazima wakaelewa, jirani kwanza, akasimama anafuta macho kwa kitambaa kizuri. "Mtoeni!" akapaza sauti. "Mtoeni na sisi tumwone!"

Mwongozaji akapiga magoti kando ya ngozi, akaweka mkono kwenye kifungo cha kwanza. "Mama," akanong'ona, "nafungua. Leo wakuone."

Ule mkono mdogo ulikuwa bado juu ya mgongo wake, unapapasa.

"Nakuomba, mwanangu, usifungue," akasema Mama Kwato. "Niacheni humu mpaka watoto wote waondoke."